Korale inayoita wachimbaji kwa majina

Kuko diski moja kutoka Marekani inayoanza na majina ya wachimbaji. Haina hotuba ya kuingiza, haina sala. Sauti nzito za chini zinanguruma, sawa vile udongo unavyonguruma mbele ya kuanguka, kisha korale inaanza kuita: John huyu, John yule, John mwingine tena. Kila mmoja ni mtu aliyeandikwa katika orodha ya aksida za migodi ya Pennsylvania kati ya mwaka 1869 na 1916. Korale inaita paka wale wa jina la John, tena paka wale ambao jina lao la pili ni fupi, la pigo moja. Hata hivyo orodha haiishi upesi. Mwenye kusikiliza anaanza kujiuliza: kama hawa ni akina John wa majina mafupi tu, wote pamoja walikuwa wangapi?

Kazi hiyo inaitwa « Anthracite Fields ». Iliandikwa na mama Julia Wolfe, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1958. Iliimbwa mara ya kwanza katika mji huohuo mwaka 2014. Mwaka 2015 ikapewa tuzo ya Pulitzer ya muziki, ambayo ni moja ya tuzo kubwa kule Marekani, na mwaka huohuo diski ikatoka. Inachukua kama saa moja. Sisi wa sindika tumeisikiliza zaidi ya mara moja, na tunaandika juu yake hapa kwa sababu ni kazi kubwa juu ya watu wa shimo, na kwa sababu ndani yake kuko jambo ambalo sisi huku Katanga tunapaswa kulichukua na kulifanya.

Makala ya mawe na watu wake

Kwanza tuelewane juu ya neno. Huku kwetu ukisema makala, mama wa nyumba anafikiri gunia la makala ya miti, yale ya kupikia bukari. Hapa tunasema makala ya mawe, jamaa ya yale yaliyochimbwa Luena. Antrasiti njo ile iliyo ngumu kupita zote: nyeusi, inang'aa, inawaka na moto mkali, inatoa moshi kidogo. Kule Marekani karibu yote inapatikana pahali pamoja, kaskazini-mashariki ya Pennsylvania, upande wa miji ya Scranton, Wilkes-Barre na Hazleton.

Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, antrasiti ilipasha moto nyumba za New York na Philadelphia wakati wa baridi, ikasukuma treni, ikayeyusha chuma. Wenye kuichimba walitoka mbali. Kwanza walikuja Waingereza na watu wa Wales, ambao walikuwa wanajua kazi ya shimo tangu kwao. Kisha walikuja Waairishi, Wapolandi, Waslovaki, Walituania, Waitalia. Kila kundi lilifika na lugha yake na dini yake, likakaa katika nyumba za kompani, likakopa katika duka ya kompani, na siku ya mshahara deni lilikuwa limekwisha kula feza. Mtu wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi ambaye babu yake aliletwa kwa treni kutoka Kasai ao Rwanda kuja kutafuta shaba ya wengine, hahitaji mwalimu wa kumueleza mambo haya.

Mama Wolfe mwenyewe hakukomaa ndani ya kambi ya wachimbaji. Alikomaa katika mji mdogo wa Pennsylvania. Anaeleza kwamba ukifika kwenye barabara kubwa ya kwao, upande mmoja unaenda Philadelphia, upande mwingine unaenda katika nchi ya makala, na nyumbani kwao karibu kila mara waligeuka upande wa mji. Wakati wa kuandika kazi hii aligeuka upande wa pili. Alishuka ndani ya migodi, akatembelea majumba ya ukumbusho, akasoma hotuba na karatasi za zamani, akakaa na watu waliofanya kazi hiyo na watoto wao. Tunalitaja hilo kwa sababu watu wengi wanaandika juu ya mchimbaji bila hata siku moja kumuuliza habari zake.

Tunasikia nini ndani ya diski

Wenye kuimba ni korale ya kanisa la Trinity Wall Street, New York, chini ya uongozi wa Julian Wachner. Kanisa hilo linatazamana na njia ya Wall Street, njia ya mabanki na ya soko la feza. Kompani za treni zilizokuwa na sehemu kubwa ya migodi ya antrasiti zilikopa na kugawana faida katika njia hiyo. Kwa hiyo majina ya wachimbaji yanaitwa na korale inayosimama mlangoni mwa feza iliyowatuma shimoni. Pengine hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini masikio ya mtu wa sindika hayawezi kuliacha lipite.

Pamoja na korale kuko wapigaji 6 wanaoitwa Bang on a Can All-Stars: gitare ya umeme, selo, kontrebasi, klarineti, piano na ngoma. Mwenye kutafuta rumba ya kucheza hataipata. Hii ni muziki ya kukaa chini na kusikiliza, sawa vile watu wanavyokaa kusikiliza kesi ya ndugu yao. Pahali pengine inapiga kwa nguvu mpaka inachokoza masikio. Pahali pengine inanyamaza karibu kabisa.

Watu wa Katanga si wageni katika kazi za namna hii. Mwaka 1958 korale ya Kamina, Troubadours du Roi Baudouin, pamoja na padri Guido Haazen, ilirekodi « Missa Luba », sauti na ngoma, na diski hiyo ikazunguka dunia. Wala hakuna parokia ya kambi isiyokuwa na korale. Tunajua tayari kwamba sauti nyingi zikiimba neno moja, neno hilo linapata uzito ambao mtu mmoja hawezi kulipa.

Sehemu ya kwanza, « Foundation », maana yake msingi. Njo pale kuko akina John. Kisha korale inaimba jinsi makala yanavyozaliwa: majani na miti iliyozama ndani ya maji, ikafunikwa na udongo, ikakandamizwa miaka milioni kwa milioni mpaka ikawa jiwe linalowaka. Kisha kunakuja majina mengine, marefu, ya watu wa mataifa mengi, na muziki inayabeba polepole. Mtunzi ameweka udongo na watu pamoja. Jiwe lilichukua miaka milioni ili lifanyike. Mtu aliyelifuata alimalizika kwa sekunde moja, dari ya galeri ilipoanguka.

Watoto wa mashine

Sehemu ya pili inaitwa « Breaker Boys », na ni sehemu ya mambo tunayoyajua vizuri sana. Makala yalipotoka shimoni yalipandishwa katika jengo refu la mbao, pale mashine iliyavunja na kuyachuja. Yalishuka katika mifereji, na juu ya mifereji waliketi watoto, mmoja nyuma ya mwingine. Kazi yao ilikuwa kuokota mawe mabaya na kuyatupa ili yabaki makala safi. Walikuwa na miaka 12, miaka 10, wengine miaka 8. Hawakuruhusiwa kuvaa ganti, kwa sababu kapita alisema kidole kikifunikwa hakisikii jiwe. Vidole vilivimba na kutoka damu. Vumbi ilijaa kifua. Mtoto aliyesinzia alipigwa fimbo. Aliyeteleza ndani ya mashine hakurudi nyumbani.

Sheria ya mwaka 1885 ilikataza kazi hiyo kwa mtoto wa chini ya miaka 12. Mwaka 1903 umri ulipandishwa mpaka 14. Lakini umri uliandikwa kwenye karatasi tu, na baba mwenye njaa aliandika umri kompani iliotaka kusoma. Mpiga picha Lewis Hine alifika pale mwaka 1911 na kupiga picha za watoto hao, nyuso nyeusi, macho ya wazee. Picha hizo zilisaidia sana kubadilisha mawazo ya watu.

Mama Wolfe ametia katika sehemu hii nyimbo za michezo ya watoto na maneno ya mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo utotoni. Muziki inakimbia, inapiga kelele, gitare inakwaruza. Hailii juu ya watoto. Inawaacha wabaki watoto, wenye kucheza na wenye utundu, ndani ya mashine isiyojua mchezo. Sisi tunaona hiyo njo njia nzuri. Mtoto anayeokota mawe pembeni ya Kolwezi, ao anayesafisha mawe na mama yake mtoni, hakosi kucheka na kutaniana na wenzake. Wageni wanapomuona anacheka wanafikiri kazi si nzito.

Hotuba ya John L. Lewis

Sehemu ya tatu, « Speech », ni hotuba. Maneno yalitoka kwa John L. Lewis, aliyeongoza sindika kubwa ya wachimbaji wa Marekani, United Mine Workers, toka mwaka 1920 mpaka 1960. Tunahitaji kusimama hapa kidogo.

Tarehe 25 Machi 1947, mgodi wa Centralia, katika jimbo la Illinois, ulilipuka. Watu 111 walikufa. Mkaguzi wa serikali alikuwa amekwisha kuandika mara nyingi kwamba vumbi la makala limejaa na linaweza kuwaka. Mwaka mmoja mbele ya aksida, watu wa sindika ya pale waliandika barua kwa gavana wakimuomba aokoe maisha yao. Watu 4 walitia saini barua hiyo. Watatu kati yao walikuwa shimoni siku ile, na walikufa.

Baada ya aksida hiyo Lewis alisimama mbele ya kamati ya wabunge. Kwa maneno yetu, alisema hivi: kama inchi hii lazima isage nyama na mifupa ya watu ndani ya mashine yake, basi kila mwenye kutumia makala na kila mwenye kuishi vizuri kwa sababu ya makala ana deni. Anadaiwa ulinzi wa mchimbaji akiwa mzima, na anadaiwa riziki ya mjane na watoto wake akiwa amekufa.

Katika diski mwanaume mmoja anaimba maneno hayo kwa sauti yenye kukwaruza, sauti ya mtu wa kazi, na korale inamjibu. Angalieni vizuri kile Lewis alichofanya. Hakuomba huruma, alidai deni. Mwaka 1946 sindika yake ilikuwa imekwisha kupata mapatano kwamba kwa kila tani ya makala ya kawaida, senti 5 zinaingia katika kasha la afya na pensheni la wachimbaji. Kutoka katika kasha hilo zilijengwa hospitali 10, zikafunguliwa mwaka 1956 katika milima ya Kentucky, Virginia na West Virginia. Hotuba nzuri peke yake haingejenga hata chumba kimoja, lakini nyuma ya hotuba hii kulikuwa hesabu ya tani.

Maua, kisha mashine za nyumbani

Sehemu ya nne, « Flowers », inakuja kama upepo baada ya galeri ya joto. Mama mmoja, mtoto na mjukuu wa wachimbaji, alimweleza mtunzi kwamba kwao kila nyumba ilikuwa na bustani. Basi korale inaimba majina ya maua, moja baada ya moja. Sehemu ya kwanza ilikuwa orodha ya watu. Hii ni orodha ya vile wake na watoto wao walivyopanda ili kambi isiwe paka vumbi na chuma. Wamama wanaosoma hapa wanajua. Katika kambi nyingi za kwetu, mbele ya mlango kulikuwa maua na nyuma ya nyumba kulikuwa lenga-lenga na muhindi, na hakuna kompani iliyowalipa wamama kwa kazi hiyo, ingawa ilisaidia posho ifike mwisho wa mwezi.

Sehemu ya tano, « Appliances », inahusu vyombo vya nyumbani. Korale inataja mambo madogo ambayo mtu wa leo anafanya bila kufikiri, na yote yanataka moto ao umeme: kupika, kupasha nyumba moto, kupiga simu. Wakati kazi hii ilipoandikwa, makala ya mawe yalikuwa bado yanatoa zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Marekani. Mwishoni kunatokea Phoebe Snow. Huyo hakuwa mtu wa kweli. Alikuwa mwanamke wa matangazo, aliyebuniwa na kompani ya treni ya Lackawanna zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Alivaa kanzu nyeupe kabisa, akasafiri kwa treni, na kanzu haikuchafuka, kwa sababu treni ilichoma antrasiti isiyo na moshi. Hivyo diski iliyoanza na watu wa chini ya udongo inaisha na kanzu nyeupe ya msafiri.

Sisi wa Katanga hatuhitaji kutafsiriwa picha hiyo. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka hapa kwetu. Inaingia ndani ya batri za simu na za motokari za umeme, na motokari hizo zinasifiwa kule Ulaya kwamba ni safi, hazitoi moshi. Ni kweli, moshi hazitoi, na kanzu ya Phoebe Snow pia ilikuwa nyeupe kweli. Simu tuliyosikilizia diski hii ina batri, na inawezekana sana kwamba ndani yake kuko kidogo cha jasho la Kolwezi.

Nani aliyaandika majina yale?

Tukirudi kwa akina John, kuko swali ambalo mwenye kusikiliza muziki anaweza kulisahau: mtunzi wa mwaka 2014 aliyapata wapi majina ya wachimbaji wa mwaka 1880? Aliyapata kwa sababu mtu aliyaandika, na mtu huyo aliandika kwa sababu sheria ilimlazimisha.

Tarehe 6 Septemba 1869, moto uliwaka katika mgodi wa Avondale, karibu na Wilkes-Barre. Mgodi ulikuwa na mlango mmoja tu, na juu ya mlango huo kulijengwa lile jengo la mbao la kuvunja makala. Jengo liliwaka, likaangukia shimo, hewa ikakatika. Watu 110 walikufa, wawili kati yao walikuwa wameshuka kwenda kuokoa wengine. Miezi michache mbele ya hapo kulikuwa sheria ya ukaguzi wa migodi, lakini ilihusu wilaya moja tu, na Avondale haikuwa ndani yake. Sindika ya John Siney, iliyoanza mwaka 1868, iliposikia hivyo ikapiga kelele zaidi. Mwaka 1870 Pennsylvania ilipitisha sheria kwa migodi yote ya antrasiti: milango miwili ya kutokea, hewa safi, na wakaguzi wa serikali wanaoandika kila aksida.

Tangu wakati ule zaidi ya watu 30.000 walikufa katika migodi ya antrasiti. Sheria haikufunga kifo, lakini ilifungua daftari. Ndani ya daftari mkaguzi aliandika jina la mtu, kazi yake, siku, na namna aksida ilivyomkuta. Hakujua kwamba anaandika wimbo. Alifanya kazi ya ofisi, ile tunayoidharau, ya kujaza mistari. Zaidi ya miaka mia moja kupita, mistari hiyo ikawa korale.

Mama Wolfe ameendelea na njia hiyo. Mwaka 2019 alitoa kazi nyingine, « Fire in my mouth », juu ya moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, mwaka 1911. Pale walikufa watu 146, wengi wao wasichana wageni. Waliimba wanawake na wasichana 146, na mwishoni yanaitwa majina ya waliokufa. Kule pia majina yalikuwako kwa sababu watu walikataa kuyapoteza.

Kinachopungua

Hatutaki kusema diski hii haina upungufu. Sisi tunaona inatuonyesha zaidi mchimbaji anayeumia kuliko mchimbaji anayesimama. Tarehe 10 Septemba 1897, pale Lattimer, karibu na Hazleton, wachimbaji wageni walitembea bila silaha kudai haki zao. Mkuu wa usalama na watu wake wakawapiga risasi, 19 wakafa. Mwaka 1902 wachimbaji wa antrasiti karibu 147.000 waliacha kazi toka Mei mpaka Oktoba, mpaka presida Theodore Roosevelt akaingia kati. Walipata nyongeza ya 10% na siku ya kazi ya saa 9. Mambo haya hayana sehemu yao katika diski. Mtoto anayejifunza historia kwa muziki huu peke yake anaweza kufikiri kwamba haki ilishuka kutoka kwa wabunge, wakati ilitoka katika miguu ya watu.

Na majina ya kwetu?

Lattimer inatufikisha nyumbani. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mshahara, wakati vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu na shaba ilitakiwa kwa wingi. Tarehe 9 Desemba, kwenye kiwanja cha mpira cha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, askari walifyatua risasi juu ya watu. Hesabu ya serikali na hesabu ya watu hazijapatana mpaka leo. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora siku hiyo, na wazee waliisimulia. Lakini kama mtunzi mmoja wa Lubumbashi angetaka leo kuandika wimbo wa siku ile, angeita majina gani? Angeita Léonard Mpoyi, kiongozi wa mgomo, aliyeuawa siku ileile. Ndiyo. Kisha nani?

Tuje karibu zaidi. Tarehe 27 Juni 2019, huko Kolwezi, udongo uliwaangukia vijana waliokuwa wanachimba kwa mikono. Magazeti ya dunia nzima yaliandika: wasiopungua 43. Hesabu tuliisoma. Majina njo yako kwa wamama wao. Mchimbaji wa mikono hana kontra, hana namba ya kazi, wala jina lake haliko kwa mlinzi wa mlango. Akifa anaingia katika hesabu. Mwaka ukiisha, hesabu nyingine inakuja juu yake.

Wengine watasema: majina yatatusaidia nini, marehemu hafufuki? Muulizeni mjane anayeenda kudai haki ya aksida ya kazi. Mbele ya kitu chochote anaulizwa karatasi: alikufa siku gani, pahali gani, alikuwa anafanya kazi gani, nani aliona. Kama hakuna aliyeandika siku ile, anarudi nyumbani na machozi tu. Muulizeni pia delege anayetaka kuonyesha kwamba galeri moja imekwisha kuangusha watu mara tatu. Bila daftari, kila aksida inaitwa bahati mbaya, na bahati mbaya haina mwenye kulipa. Lewis aliweza kudai deni kwa sababu deni lilikuwa limeandikwa.

Basi sisi tunapendekeza kitu kidogo, kisichongojea sheria wala feza ya mtu. Kila tawi la sindika, kila kambi, kila pahali pa kuchimba kwa mikono, inunue kaye moja yenye gamba ngumu. Ndani yake kila aksida iandikwe siku ileile: jina lote la mtu pamoja na jina la baba yake na kwao, siku na saa, shimo ao galeri, kazi aliyokuwa anafanya, udongo ulianguka, mashine ilimkamata, ao hewa ilikatika, jina la mjane na la watoto, na majina ya watu wawili walioona. Waandikwe wenye kontra na wasio na kontra. Waandikwe wamama wanaosafisha mawe mtoni, na watoto pia, kwa umri wao wa kweli. Aliyekatwa vidole aandikwe, si paka aliyekufa. Kaye ya pili, yenye maneno yaleyale, ikae kwa mtu mwingine, kwa parokia ao kwa kikundi cha wamama, ili moto ao mkubwa mmoja asiweze kuipoteza yote.

Tena tunaomba wazee waliobaki, wale ambao baba zao waliwasimulia juu ya kiwanja cha mpira, waje na jina moja moja wanalolikumbuka. Hata jina bila tarehe linakubaliwa. Kaye ya tawi letu imekwisha kununuliwa, iko mezani, na kalamu iko juu yake.